Matayarisho ya Hati za Maombi ya Shahada za Juu katika Fasihi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili awezavyo kutayarisha hati za kuombea nafasi ya masomo ya uzamili au ya uzamivu, hasa katika vyuo vikuu vya nchi za nje. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba jambo hili ni la makarani wala si la wataalamu wa lugha. Sivyo hata kidogo. Hati hizi ni maandishi ya kitaalamu kama maandishi mengine: zina hoja, zina ushahidi, na zina msomaji, na mara nyingi msomaji huyo hajui Kiswahili. Namna washairi na waandishi wetu wanavyoelezwa katika kurasa hizo chache ndiyo namna wanavyoingia, au wanavyokosa kuingia, katika vyumba vya masomo vya mbali. Zaidi ya hayo, wengi wa wanaolisoma jarida hili ndio wanaoendewa na wanafunzi kwa ushauri na kwa barua za ushuhuda. Kwa hiyo lawama na sifa za hati hizi ni zao pia.

Yafaa kwanza kutofautisha desturi mbili. Katika Uingereza, mwombaji wa uzamivu kwa kawaida huwa amekwisha kupata shahada ya uzamili, na hati iliyo kuu ni pendekezo la utafiti, kwa sababu tangu siku ya kwanza kazi yake itakuwa ni tasnifu, nayo huchukua miaka mitatu au minne. Katika Marekani, mwenye shahada ya kwanza aweza kukubaliwa moja kwa moja katika masomo ya uzamivu. Huko huhudhuria madarasa kwa miaka kama miwili, hufanya mitihani, ndipo aanzapo tasnifu. Na safari nzima huchukua miaka mitano au zaidi. Kwa sababu hiyo vyuo vya Marekani havidai mpango kamili wa tasnifu. Hutaka maelezo ya makusudi, ambayo ni kama kurasa mbili, pamoja na kielelezo cha maandishi, yaani insha ya uhakiki yenye kurasa kumi na tano hadi ishirini hivi. Nchi zote mbili hutaka pia nakala ya matokeo ya masomo, barua mbili au tatu za walimu, na mara nyingi cheti cha kuthibitisha ujuzi wa Kiingereza. Vipimo hivi hutofautiana kutoka chuo hata chuo. Basi hapana budi mwombaji asome masharti ya kila chuo neno kwa neno, wala asitume andiko moja mahali pote.

Sasa tuyatazame makosa. Kosa lililo jepesi kuonekana ni kuyajaza maelezo ya makusudi kwa mapenzi. Mwombaji husimulia jinsi alivyopenda hadithi tangu utotoni, na jinsi fasihi ilivyo kioo cha jamii. Maneno hayo si ya uongo, walakini hayana kazi. Wote waombao masomo haya waipenda fasihi, na mwenye kuamua hawezi kuyapima mapenzi ya mmoja dhidi ya mapenzi ya mwingine. Akitafutacho ni swali: jambo lisilojulikana bado, lililo na maana, na ambalo mwombaji huyu anaweza kulitafutia jibu.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo huonekana kwa shida kwa kuwa hufanana na elimu. Mwombaji huogopa kwamba vitabu anavyovijua havijulikani huko aendako. Basi huvificha. Huzijaza kurasa za mwanzo majina ya wananadharia wa Ulaya, na utenzi au riwaya ya Kiswahili hutokea mwishoni, kama mfano tu wa jambo lililokwisha kusemwa na wengine. Matokeo yake ni kwamba anaandika kwa urefu juu ya mambo ambayo msomaji wake ayajua kuliko yeye, na anaandika kwa ufupi juu ya mambo ambayo yeye ayajua kuliko msomaji. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Nadharia ni chombo cha lazima, wala hakuna chuo kitakachompokea mtu asiyeijua. Lakini chombo huchaguliwa kwa kuitazama kazi, si kazi kwa kukitazama chombo.

Tuchukue mfano mmoja. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalikusanywa baadaye na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na diwani iliyohaririwa na W. Hichens ilichapishwa mwaka 1940, karne moja baada ya kifo cha mshairi. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz alitoa kitabu kingine juu ya Muyaka chenye mashairi na tafsiri za Kiingereza. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa katika maktaba ya SOAS mjini London. Mwanafunzi akiandika, "Nakusudia kuchunguza maudhui ya kisiasa katika ushairi wa Muyaka," amesema jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulisema bila ya kulisoma shairi hata moja. Lakini yajulikana kwamba baadhi ya mashairi hayo yalitungwa kwa kujibizana na washairi wa Lamu. Basi na aulize hivi: shairi lililokuwa nusu ya mazungumzo husomekaje linapotengwa na jibu lake na kupangwa peke yake katika kitabu? Je, mpangilio wa diwani ni wa mshairi, wa wakusanyaji, au wa mhariri? Na mwandiko wa Kiarabu, ambao kwa desturi ya zamani haukutenga *e* na *i* wala *o* na *u*, ulimwachia mhariri uamuzi kiasi gani alipouhamisha katika herufi za Kirumi?

Swali la namna hiyo hujieleza lenyewe. Laonyesha maandiko yatakayosomwa na mahali yalipo. Laonyesha waliotangulia na mahali walipoachia. Laonyesha kwa nini mwombaji amechagua chuo hiki wala si kile, maana karatasi zimo humo au mwalimu wa fani hiyo yupo humo. Mwisho, laonyesha ujuzi utakaohitajiwa: kusoma mwandiko wa Kiarabu, kuijua lahaja ya Kimvita, kuzijua kanuni za bahari za ushairi. Pendekezo la utafiti likiwa na mambo hayo manne, pamoja na mpango wa muda usio wa ndoto, limetimia. Nadharia yoyote ya uhariri au ya mapokezi ikiongezwa hapo itakuwa na kazi ya kufanya.

Kielelezo cha maandishi nacho chataka uangalifu wa pekee, kwa kuwa hapo ndipo mwombaji huonekana akifanya kazi badala ya kuahidi. Insha fupi iliyosoma beti kumi kwa makini ni bora kuliko sura ya tasnifu iliyokatwa katikati. Kama imekatwa katika kazi ndefu, na itangulizwe aya moja ya kueleza inatoka wapi. Manukuu na yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, na tafsiri ifuate chini yake. Chapa iliyotumiwa itajwe, na ijulikane kama tafsiri ni ya mwombaji au ya mwingine.

Juu ya tafsiri kuna zaidi la kusema. Waombaji wengi huichukua tafsiri iliyopo kana kwamba ni maandishi yenyewe, na kwa kufanya hivyo hupoteza silaha yao iliyo bora. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ausemeza moyo wake. Hichens, katika chapa yake ya mwaka 1939, aliupa utenzi huo jina la Kiingereza lenye maana ya kuamka kwa roho. James de Vere Allen, mwaka 1977, aliuita katekisimu ya roho. Jina lenyewe kwa Kiarabu lahusu kufunuliwa. Moyo umekuwa roho, kufunuliwa kumekuwa kuamka, na utenzi wa Mwislamu wa Pate umevishwa jina la mafundisho ya kanisa. Watafsiri hao walikuwa na sababu zao, wala si kazi yetu hapa kuwalaumu. Lakini mwanafunzi awezaye kulionyesha jambo hilo katika ukurasa mmoja, kwa utaratibu na bila ya hasira, amekwisha kumfundisha msomaji wake kitu. Na mwenye kufundishwa hulikumbuka jina la aliyemfundisha.

Kwamba njia hii hufika mbali yaonekana kwa Euphrase Kezilahabi. Tasnifu yake ya uzamili, mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Tasnifu yake ya uzamivu, iliyokamilika mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Swali pana lilitanguliwa na usomaji wa karibu wa mwandishi mmoja wa nyumbani.

Yaliyobaki ni machache. Barua ya mwalimu isiyokuwa na mfano haina uzito. Kusema kwamba mwanafunzi ni hodari na mwenye tabia njema ni kusema lisemwalo juu ya wote. Basi mwanafunzi na ampe mwalimu kielelezo chake na maelezo yake angalau mwezi mmoja kabla, na mwalimu aitaje hoja moja ya mwanafunzi na aeleze ubora wake. Vyuo vingi vya Marekani hufunga mapokezi ya maombi mwezi wa Desemba au Januari kwa masomo yaanzayo Agosti au Septemba. Kwa hiyo kazi yapasa ianze mwaka mzima kabla. Ada ya maombi katika vyuo kadha husamehewa kwa mwenye kuomba, lakini yafaa aombe mapema.

Mwisho, kabla ya kutuma, mwombaji na azisome hati zake zote kwa mkao mmoja na ajiulize: je, msomaji asiyejua Kiswahili atakapozimaliza, atakuwa amejua jambo moja juu ya fasihi hii ambalo hakulijua alipoanza? Kama jibu ni hapana, hati hazijawa tayari, hata kama kila fomu imejazwa.