Pikapu Kuukuu Katika Mbio za Mita 402

Huko Marekani kuna mbio fupi ambazo magari mawili husimama sambamba, na taa ya kijani iwakapo hukimbia mita 402 za njia iliyonyooka. Miongoni mwa washindani zimo pikapu kuukuu za Dodge Ram zenye injini ya dizeli ya Cummins, lita 5.9, silinda 6. Mafundi hupendelea hasa zile za miaka ya 1994 hadi 1998, kwa kuwa pampu yake ya dizeli, Bosch P7100, haitegemei kompyuta. Hurekebishwa kwa spana.

Hata hivyo, fundi mwenye busara haanzi na pampu. Kwanza huizuia pini ndogo iliyo nyuma ya kifuniko cha gia za mbele, ambayo ikichomoka huweza kuangukia gia na kuiharibu injini. Pili, hutia springi ngumu za valvu na bolti imara za silinda hedi, ili gasketi istahimili shinikizo. Tatu, hufunga tabo kubwa zaidi, yaani kipulizio kinachosukuma hewa silindani. Dizeli huongezwa mwisho.

Sababu ni hii: dizeli ikizidi hewa haiungui yote. Moshi mweusi hutanda, joto la ekzosi hupanda, na pistoni huweza kuyeyuka. Watazamaji hushangilia moshi, kumbe ni mafuta yapoteayo bure.

Na ndugu msomaji, mahali pa mbio hizi ni uwanjani, si barabarani wapitapo watoto. Hata katika mbio, mwenda pole hajikwai.