Karafuu na Maradhi ya Mzio

Ndugu Wanachama,

Kila msimu wapo wachambuaji ambao mikono huwatoka vipele vya kuwasha, au vumbi la makonyo huwapigisha chafya na kuwabana kifua. Wenzao husema ni uvivu. Hasha! Huenda ukawa ni mzio, yaani mwili hukidhani adui kitu kisichowadhuru wengine. Si uchawi, wala hauambukizi. Na waweza kumpata hata aliyechambua miaka mingi. Yujenoli iliyomo katika mafuta ya karafuu huziwasha ngozi za baadhi ya watu.

Basi mtu huyo anawe kwa maji na sabuni, apewe kazi nyingine mbali na vumbi, wala asipunguziwe ujira. Akivimba midomo au akishindwa kuvuta pumzi, tumpeleke hospitali pale pale. Tusingoje karafuu zianuliwe.

Katibu