Jina haliko katika rangi: kisa cha koa maridadi wa bahari yetu

Sisi tunaoishi Mbulu na Hanang, maji ya chumvi tunayoyajua ni ya Ziwa Balangida, chini ya Mlima Hanang. Bahari iko mbali nasi. Hata hivyo, katika pwani ya nchi yetu yumo kiumbe mdogo ambaye habari zake zatufunza jambo linalotuhusu hata huku bara, nalo ni kuhakikisha kabla ya kuhukumu.

Kiumbe huyo ni koa wa baharini, jamaa ya konokono. Huanza maisha akiwa na gamba dogo, kisha huliacha akakua bila gamba. Kichwani ana vipembe viwili vya kunusia, na mgongoni, upande wa nyuma, ana matamvua ya kupumulia yaliyochanua mfano wa ua. Rangi zake humshangaza kila amwonaye: zambarau, manjano, buluu na nyekundu katika mwili mmoja.

Rangi hizo si pambo tupu. Wengi wa jamii hii hula sifongo za baharini, wakachukua sumu iliyomo na kuihifadhi katika tezi za ngozi. Rangi kali humwonya samaki asiguse. Na kwa kuwa onyo la sura moja hueleweka upesi, spishi mbalimbali huvaa vazi linalofanana. Basi anayetazama vazi peke yake huwaita wote kwa jina la mmoja.

Tutazame mfano. Mwaka 1904 Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna wa Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na ambaye sera yake iliwafungulia walowezi mlango wa nyanda za juu za Kenya, alieleza koa wa Zanzibar ambaye leo anajulikana kama Hypselodoris nigrostriata, yaani mwenye mistari myeusi. Vielelezo vingi alivyovichunguza vilikusanywa na Cyril Crossland. Maelezo ya aliyewaona wakiwa hai yalikuwa na thamani kubwa, kwani koa akitiwa katika dawa ya kuhifadhia rangi yake hufifia.

Mwaka 1977 mtaalamu W. B. Rudman, aliyewachunguza koa wa pwani ya Afrika Mashariki, alieleza spishi nyingine yenye mistari mgongoni. Alimwita Hypselodoris maridadilus, kutokana na neno letu la Kiswahili, maridadi. Mwaka 1999 akaongezeka wa tatu mwenye mistari, Hypselodoris zephyra, kutoka Pasifiki ya magharibi. Watatu hawa huchanganywa mara nyingi na wanaotazama picha tu.

Je, wataalamu huwapambanuaje? Hutazama mpangilio wa mistari, rangi ya ukingo wa mwili, ya vipembe na ya matamvua. Kisha huingia ndani: vijino vya ulimi, ambavyo huonekana kwa hadubini, na viungo vya uzazi. Siku hizi hupima pia vinasaba. Uchunguzi wa namna hiyo uliochapishwa mwaka 2018 uliongeza spishi mpya 17 katika jenasi hii moja. Baadhi yao walikuwa wamejificha chini ya majina ya wenzao.

Atauliza mtu: mkulima wa Dongobesh au mfugaji wa Katesh atafaidika nini? Faida ipo. Konokono wa maji baridi nao ni wengi, lakini kichocho hapa Afrika huenezwa na wachache tu. Jamii ya Bulinus, wenye gamba lililosokotwa kama pia, hubeba kichocho cha mkojo. Biomphalaria, wenye gamba bapa kama sahani, hubeba kichocho cha tumbo. Hata ndani ya Bulinus, gamba peke yake halitoshi kuipambanua kila spishi. Anayekosea jina hapo hukosea mahali na wakati wa kutia dawa, na atakayelipa gharama ni mtoto anayeogelea bwawani.

Kwa hiyo tuwahimize vijana wetu wasome elimu ya viumbe, wa nchi kavu na wa baharini. Neno letu limekwisha kuingia katika vitabu vya wataalamu kwa mkono wa mgeni. Litakalofuata na liandikwe na mtoto wa Mbulu au wa Hanang, baada ya kuhakikisha.