Kutoharisha Risasi Zenye Mafuta ya Najisi

Mwaka 1857, huko Meerut, India, askari 85 walikataa risasi walizoamini zimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Je, mwindaji aliyerithi kalibu na risasi za kusubu zenye mafuta makuukuu afanyeje?

Tunasema: yasipojulikana asili yake, hukumu ni tohara, shaka haiondoi yakini. Yakithibiti kuwa ya nguruwe, akisali nazo mfukoni ilhali anajua, sala haisihi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, kwanza iondolewe dhati ya najisi kwa maji moto na sabuni. Sabuni huondoa utelezi tu. Kinachotoharisha ni maji. Kisha zioshwe mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa udongo. Chombo hicho kisipikiwe chakula, kwani risasi ni sumu.

Wallahu A'lam.