Kibaba cha Mchele si Kibaba cha Unga

Ndugu Wanachama,

Msimu uliopita nilipatana na wachumaji wangu posho ya kibaba kimoja cha mchele kwa kila mtu kwa siku. Mchele ulipokwisha nikawapa unga wa ngano, kibaba kwa kibaba, nami nikadhani nimetimiza ahadi. Siku ya tatu mzee mmoja miongoni mwao akanambia, "Bwana Katibu, chombo kinajaa, lakini matumbo hayajai."

Nilibisha. Jioni nikavitia vyote viwili katika mizani, nikaona haya. Unga ulipungua kwa kadiri ya theluthi moja. Niliwaomba radhi, nikawalipa kilichopungua. Lau wangaliondoka, karafuu ingalichanua mitini, na hasara ingalikuwa yangu. Sote tuliosoma chuoni twaijua Sura ya Al-Mutaffifin na onyo lake kwa wenye kupunja vipimo; mimi sikukusudia, lakini mwenye njaa hashibi kwa nia njema.

Kosa langu lilikuwa hili: kibaba, kisaga na pishi hupima nafasi ya chombo. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, na vibaba vinne ni pishi. Kilo, ratili na frasila hupima uzito. Ratili ni gramu 454, na frasila ni ratili 35, yaani kilo 16 kasoro kidogo. Unga hubeba hewa nyingi kati ya chembe zake, kwa hiyo hujaza chombo upesi na uzito wake ni mdogo.

Kikombe cha robo lita, yaani mililita 250, kikijazwa kwa mfuto, huchukua takriban:

Maji, gramu 250
Mafuta ya kupikia, gramu 230
Mchele, gramu 200
Sukari, gramu 200
Unga wa ngano, gramu 130
Chumvi laini, gramu 300

Basi vikombe 10 vya mchele ni kilo 2. Ukitaka unga wa uzito huo huo, gawa gramu 2,000 kwa 130; utapata vikombe 15 na zaidi kidogo. Jikoni nako ni hivyo hivyo: mandazi yakitaka gramu 500 za unga, hivyo ni vikombe 4 kasoro kidogo.

Vikombe vya majumbani havilingani, kwa hiyo pima chako mwenyewe. Kwanza kipime kikiwa kitupu. Kisha kijaze maji, ukipime tena, utoe uzito wa kikombe. Gramu zilizobaki ndizo mililita zake. Kikaushe, ukijaze mchele au unga, ufanye vivyo hivyo. Andika hesabu ukutani.

Jihadharini na mambo mawili. Kipimo kiwe cha mfuto siku zote, maana cha tele hakina mwisho. Na unga usishindiliwe wala kutikiswa, kwani ukishindiliwa huongezeka uzito.

Nawaombeni, kabla ya msimu kuanza, patana na wachumaji kwa kilo, na mizani ikae mbele ya macho yao. Atakayeshiba atachuma, na atakayeona haki atarudi mwakani.

Wassalaam,
Katibu wenu