Namna ya Kutoboa Ukuta wa Matofali Wenye Nondo

Huko Muhuru Bay, katika Nyatike, Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, watu wengi siku hizi hujenga kwa matofali ya saruji. Mwenye nyumba atakapo kupitisha waya wa sola au bomba la maji kutoka kwenye tangi la mvua, hana budi kutoboa ukuta. Ukuta wa fito na udongo ulitobolewa kwa mtaimbo, na tundu likakandikwa jioni ile ile. Lakini ukuta wa matofali wenye nondo una mifupa ndani yake, na afadhali mifupa hiyo itafutwe kabla ya keekee kuwashwa.

Yafaa kwanza kufahamu kazi ya nondo. Tofali la saruji hustahimili vizuri uzito unaolikandamiza kutoka juu, bali ni dhaifu likivutwa au likipindwa. Chuma ndicho kinachostahimili kuvutwa. Kwa hiyo wajenzi husimamisha nondo ndani ya matundu ya matofali, kisha huyajaza matundu hayo zege. Juu ya milango na madirisha, na kuizunguka nyumba chini ya paa, hulaza mkanda wa zege wenye nondo. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 lilipiga Bukoba, ng'ambo ya ziwa hili hili. Watu zaidi ya 15 walifariki, na mamia ya nyumba yakabomoka. Siku kama hiyo ndipo nondo hufanya kazi iliyowekewa.

Nondo za kusimama hukaa hasa kwenye pembe za nyumba, mahali kuta zinapokutana, na kandokando ya milango na madirisha. Usitoboe hapo, wala katika mkanda. Kwingineko, gonga ukuta kwa nyundo ndogo: tofali tupu hulia kwa uvungu, bali lililojazwa zege hutoa mlio mzito. Ikiwa matofali yote hayana uvungu, mlio hautakusaidia. Mwite fundi mwenye chombo cha kutafutia chuma ukutani.

Jambo la pili ni umeme. Nyaya zilizofichwa aghalabu hupanda na kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi. Usitoboe juu wala chini yake. Zima swichi kuu, utumie keekee ya betri. Umeme wa nyumbani wa volti 240 huua.

Kazi ikianza, vaa miwani ya kukinga macho na maski ya vumbi. Vumbi la saruji lina chembe ndogo mno za mchanga ziharibuzo mapafu, na leso haiwezi kuzizuia. Tumia keekee inayozunguka huku ikigonga, yenye ncha ya kutobolea saruji. Anza na ncha nyembamba ya milimita 6. Ukikaribia upande wa pili, zima mgongo wa keekee na upunguze nguvu, kwa maana tofali humeguka pale ncha inapotokea. Kisha panua tundu kutoka pande zote mbili. Na tundu liinamie nje kidogo, mvua isiingie ndani.

Ncha ikikataa kuendelea ghafula, mlio ukawa mkali, na chembe zinazong'aa zikaonekana katika vumbi, simama mara moja. Usitafute ncha nyingine ya kukatia chuma. Ziba tundu hilo kwa saruji na mchanga, uhamie sentimita chache kando. Nondo iliyokatwa haiungwi kwa plasta. Na iliyoachwa wazi hupata unyevu ikashika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hata zege likapasuka kutoka ndani. Ufa huo huweza kutokea miaka mingi baada ya fundi kulipwa na kwenda zake.

Bomba kubwa, kama lile la maji machafu, halifai kupitishwa kwa patasi na nyundo, kwa kuwa ukuta hutikisika na viungo vya matofali hulegea. Iko keekee ya mviringo yenye meno ya almasi, ikatayo tundu safi. Lakini keekee hiyo huweza kukata nondo pia. Kwa hiyo chuma kitafutwe kwanza kwa uangalifu zaidi.

Mwisho, pitisha waya ndani ya kipande cha bomba, uzibe nafasi iliyobaki pande zote mbili. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye nyumba asimamie kazi hii mwenyewe, na fundi akikuta nondo, amwambie ahamishe tundu.