Jamvi la Kaskazi: Ususi wa Nyumbani na Hatima ya Msamiati Wake

Mwanafunzi wa fasihi simulizi akiulizwa maana ya methali "Usiache mbachao kwa msala upitao", aghalabu hujibu upesi kwamba mtu asikidharau chake kwa kutamani cha mpito. Akiulizwa mbacha ni nini, husita. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka wa kuswalia. Aliyewahi kuvikalia vitu hivyo huiona methali; asiyevijua huikariri tu. Makala haya yanakusudia kufafanua mahali ambapo maneno ya aina hii hufunzwa, yaani pembe ya ususi nyumbani.

Katika mwambao wa Kenya, ususi wa mikeka ni kazi ya wanawake kwa kiasi kikubwa, na haihitaji chumba maalumu. Huhitaji kivuli, upepo na nafasi ya kutandika jamvi, iwe ukumbini, uani au barazani. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ua wa ndani huitwa kiwanda. Katika Kiswahili sanifu, neno hilo hilo humaanisha mahali pa kutengenezea bidhaa. Anayelisikia leo hufikiria mashine na moshi, ilhali Lamu humpeleka katikati ya nyumba.

Msimu unaoifaa kazi hii ni kaskazi, upepo uvumao takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Jua lake hukausha majani upesi, na joto lake huwakimbiza watu vivulini. Baada ya swala ya Alasiri, majirani na marafiki hukusanyika, kila mmoja na kazi yake. Mikono huwa na shughuli lakini ndimi huwa huru. Kwa hiyo mapumziko na kazi huwa kitu kimoja.

Vifaa vyenyewe ni vichache: kisu, sindano kubwa, chombo cha maji na kikapu cha kuwekea majani. Ukindu, yaani majani ya mkindu, hukaushwa kisha huchanwa vipande vyembamba viitwavyo chane. Baadhi ya chane huchemshwa katika rangi. Wakati wa kusuka hulowanishwa kidogo ili zisikatike. Chane husukwa kuwa ukili, utepe mrefu unaokunjwa kwa mviringo kadiri unavyorefuka. Hatimaye kili hushonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka upatikane. Ndiyo maana msusi hutofautisha kusuka ukili na kushona mkeka, tofauti ambayo mtu wa mbali hawezi kuibaini kwa kuutazama mkeka dukani.

Aidha, jamvi hilo ni darasa. Binti akikosea, mkubwa wake huifumua kazi, humwonyesha upya na kumtajia jina la kilichoharibika. Katikati ya kazi hupita vitendawili, masimulizi na habari za mtaa. Si ajabu basi kwamba wahakiki wa fasihi huuita mpangilio wa matukio katika hadithi msuko. Istilahi hiyo humwelea zaidi aliyeona chane moja ikipita chini ya nyingine, ikapotea, kisha ikajitokeza tena mbele.

Hata hivyo, mikeka ya plastiki imeenea madukani, na vijana wengi hawana tena muda wa kuketi na wasusi. Ni kweli kwamba marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutekelezwa nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017 iliongeza haja ya vikapu. Lakini soko laweza kukiokoa kikapu bila kuliokoa neno. Mnunuzi huondoka na kikapu. Chane, ukili na kufumua hubaki kwa msusi, na msusi asiye na mwanafunzi huondoka nayo maneno hayo.

Kwa hivyo, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina wajibu. Likizo ya Desemba huangukia mwanzoni mwa kaskazi. Mwanafunzi aendaye nyumbani pwani na aketi na nyanya yake, asuke japo ukili mfupi, kisha ayaandike maneno aliyoyasikia pamoja na kazi iliyoyazaa. Kamusi yaweza kumweleza mbacha ni nini, lakini walioukalia mkeka ule ungali mpya ndio watakaomweleza kwa nini haufai kuachwa.